Wimbo nilioutunga kwa chipu ya gemu ya zamani unalala ukipigwa kwenye mashine yenyewe

FundiIsevya (Tabora), Ijumaa saa 3:40 usiku

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Kazi yangu ni kutengeneza redio na amplifaya katika kibanda changu hapa Isevya, na kwa karibu mwaka mmoja sasa jioni zangu nimekuwa nikijifunza kutunga muziki kwa chipu ya sauti ya zile gemu za TV tulizokua nazo, zenye kaseti kubwa ya plastiki na pedi mbili za waya mfupi. Nafahamu kwamba mashine yangu si ya Nintendo bali ni nakala iliyoiga Famicom, ile iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983. Nafahamu pia kwamba chipu ya Famicom, iitwayo 2A03, ina sauti 5 tu: mawimbi mawili ya mraba, wimbi moja la pembetatu, chaneli moja ya kelele, na chaneli ya tano inayocheza vipande vifupi vilivyorekodiwa.

Wimbo nimeutunga kwenye kompyuta kwa programu ya FamiTracker. Nilijaribu kuufuata mwendo wa dansi la hapa kwetu, lile ambalo bendi ya Tabora Jazz waliliita Segere Matata, na mzee mmoja jirani yangu, ambaye alipiga gitaa la besi katika bendi za mjini miaka ya 1970, alipousikia kwenye spika za kompyuta alitikisa kichwa kwa furaha na kuniahidi kwamba nikiutoa kwenye mashine yenyewe atakuja na gitaa lake tupige pamoja. Nikachoma wimbo kwenye chipu ya kumbukumbu, EPROM ya aina ya 27C256, nikaipandisha kwenye bodi ya kaseti ya zamani baada ya kubadilisha miunganisho michache, nikawasha mashine mbele ya mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu: "Umelala."

Ni kweli umelala. Kwenye kompyuta wimbo unakwenda mapigo 150 kwa dakika, na nilipoupima kwa saa ukiwa kwenye mashine nilipata 125. Kinachonishangaza ni kwamba noti zenyewe hazikushuka kwa kiasi hicho, ilhali kanda ya kaseti ikivutwa polepole na mota iliyochoka sauti hushuka pamoja na mwendo. Zaidi ya hapo, gitaa la solo, ambalo nililifanya jembamba na kali, limetoka nene kama filimbi, huku lile la rithimu, nililolitaka liwe nene, likiwa ndilo jembamba. Na kila ngoma iliyorekodiwa inapopigwa, besi inafifia, halafu hairudi sawasawa.

Swali langu la pili linahusu mpangilio. Dansi lina solo, rithimu, besi, tumba, manyanga na matarumbeta, nami nina chaneli 2 tu zinazofaa kwa gitaa. Je, waliotangulia mnazigawaje?

JiraniWaZiwa (Kigoma), Ijumaa saa 4:05 usiku

Kaka, hilo la mwendo ni jambo dogo. Mashine zilizoletwa kwetu zilitengenezwa kwa TV za mfumo wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde, wakati wimbo wako umeutungia mfumo wa NTSC wa Japani na Marekani, wenye picha 60. Wimbo wa gemu hupigwa hatua moja kwa kila picha, kwa hiyo hatua 60 zikiwa 50, mapigo 150 yanakuwa 125 bila kubaki hata moja. Nenda kwenye mipangilio ya programu, chagua PAL, choma upya, umemaliza.

FundiIsevya, Jumamosi saa 2:20 asubuhi

Nashukuru, jirani, na hesabu yako nimeielewa. Nimefanya ulivyosema usiku huohuo, na mwendo umerudi kama ulivyokuwa kwenye kompyuta. Lakini sasa wimbo mzima umepanda. Nimeulinganisha na gitaa, na noti ya La inatoka juu kidogo ya La kali, maana yake umepanda zaidi ya nusu toni. Solo na rithimu bado zimebadilishana sauti.

MwlFizikia_Ujiji, Jumamosi saa 4:50 asubuhi

Ndugu Fundi, kabla sijasema lolote naomba ufungue mashine unisomee vitu viwili: namba iliyoandikwa juu ya kristali (kile kijidude kinachoipa mashine kasi ya saa yake), na maandishi ya chipu kubwa mbili zilizo kwenye bodi, ikiwa bodi yako ni ya zile za zamani zenye chipu halisi. Kama utakuta tone jeusi la gundi ngumu badala ya chipu, basi soma kristali peke yake.

FundiIsevya, Jumamosi saa 6:10 mchana

Mwalimu, nimefungua. Kwa bahati nzuri hakuna tone la gundi. Kristali imeandikwa 26.601712, chipu moja ni UA6527P na nyingine ni UA6538.

MwlFizikia_Ujiji, Jumamosi saa 9:30 alasiri

Vizuri sana, kwa kuwa namba hizo zinajibu karibu kila ulichouliza, na pia zinaonyesha kwa nini ushauri wa jirani yetu wa Kigoma, ambao ungefaa kabisa kwa Nintendo halisi ya Ulaya, umekuharibia noti.

Ndani ya chipu hizi mwendo na kimo cha noti havitoki mahali pamoja. Mwendo wa wimbo hutokana na picha: kila TV inapomaliza kuchora picha moja, mashine hupata ishara, programu ya muziki huamka, husoma hatua inayofuata na kulala tena. Kimo cha noti hutokana na saa ya prosesa, ambayo hugawanywa kwa namba uliyoiandika kwenye rejista ya chaneli, yaani kijisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu. Kwa wimbi la mraba kanuni ni hii: chukua kasi ya saa, igawe kwa 16, kisha igawe tena kwa namba ya rejista uliyoiongezea 1. Ndiyo sababu mashine yako iliweza kupunguza mwendo bila kushusha noti kama kanda ya kaseti, ambayo vyote viwili huvipata kwenye mota moja.

Sasa tazama saa tatu tofauti. Mashine ya Japani na Marekani ina kristali ya hezi 21,477,272, ikigawanywa kwa 12 inatoa hezi 1,789,773. Nintendo ya PAL ya Ulaya ina kristali kama yako, 26,601,712, inayogawanywa kwa 16 kupata hezi 1,662,607. Waliotengeneza chipu yako, kampuni ya UMC ya Taiwan, walitaka gemu za Japani zicheze vizuri kwenye TV za PAL, kwa hiyo walichukua kristali ileile ya PAL lakini wakaigawa kwa 15, wakapata hezi 1,773,447, ambayo imekaribia sana ile ya Japani. Kwa maneno mengine, mashine yako ina picha za Ulaya na noti za Japani.

Tujaribu kwa noti ya La, ambayo inapaswa kuwa hezi 440. Kwenye NTSC programu huandika 253 kwenye rejista, na Famicom inatoa hezi 440.4. Mashine yako ikipewa 253 hiyohiyo inatoa hezi 436.4, tofauti ambayo ni kama sehemu ya sita ya nusu toni, na ndiyo maana jana hukuona noti zimeshuka kwa kiasi cha kukusumbua. Ulipochagua PAL, programu iliamini kwamba itakutana na saa ya 1,662,607, ikaandika 235. Kwenye Nintendo ya Ulaya 235 ingetoa hezi 440.3, kwenye yako imetoa hezi 469.7, wakati La kali ni hezi 466.2. Sikio lako limesikia sawasawa.

Kwa hiyo rudi kwenye NTSC ili hesabu ya noti ibaki ya Japani, lakini mwendo wa injini, yaani sehemu ya programu inayoupiga wimbo, uuweke 50 kwa mkono. Kisha badilisha urefu wa mstari, yaani muda wa kila hatua ya noti katika programu. Nadhani wimbo wako ulikuwa na fremu (yaani picha) 6 kwa kila mstari na mistari 4 kwa kila pigo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotoa 150. Fremu 6 za mfumo wa 60 ni sehemu ya kumi ya sekunde, na fremu 5 za mfumo wa 50 nazo ni sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo ukiweka fremu 5 kwa mstari utapata mapigo 150 kamili. Umebahatika, maana mtu aliyetumia fremu 7 angehangaika kutafuta kitu kinacholingana nayo.

Hata hivyo kazi haiishii hapo, na hapa ndipo wengi huharibu. Umbo la kila noti, yaani jinsi linavyoanza kwa nguvu na kufifia, nalo limeandikwa fremu kwa fremu. Noti ya gitaa iliyokuwa ikizimika kwa fremu 12 ilichukua sekunde 0.2, sasa inachukua 0.24, wakati mistari yako bado ni ya sehemu ya kumi ya sekunde, na matokeo yake mkia wa noti moja unaingia kwenye kichwa cha inayofuata. Pitia ala moja moja, uondoe fremu moja katika kila sita. Mtetemo wa noti nao uuongezee kasi kidogo kwa sikio.

Kuhusu solo na rithimu kubadilishana sauti: wimbi la mraba katika chipu hii lina maumbo 4, ambayo ni asilimia 12.5, 25, 50 na 75, yaani sehemu ya mzunguko ambayo wimbi linakaa juu. Umbo la 12.5 na la 25 husikika membamba, la 50 husikika nene na lenye uwazi kama filimbi. Rejista ina biti 2 za kuchagua umbo, na nakala nyingi za ukoo wa UA6527 zimezipindua hizo biti 2, hivyo 01 husomwa kama 10, na 10 husomwa kama 01. Umbo la 25 linakuwa 50 na la 50 linakuwa 25. Umbo la kwanza, 00, na la mwisho, 11, ukizipindua zinabaki zilezile, kwa hiyo hizo mbili haziathiriki.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda. Asilimia 75 ni asilimia 25 iliyogeuzwa juu chini, na sikio la binadamu halitofautishi hizo mbili. Basi solo yako badala ya kuiandikia 25 iandikie 75, itasikika vilevile kwenye kompyuta, kwenye Famicom halisi na kwenye nakala yako. Kwa rithimu ya 50 hakuna njia kama hiyo, itakubidi uwe na toleo la nakala lililoandikwa 25.

JiraniWaZiwa, Jumamosi saa 10:02 alasiri

Mwalimu, nimekubali, na nafuta kauli yangu ya "umemaliza". Sikujua kwamba kuna mashine ya 50 yenye saa isiyo ya PAL.

MpigaRithimu (Kigoma), Jumamosi saa 1:15 usiku

Kijana wangu Fundi, mimi habari za kristali siziwezi, lakini nimekulia Tabora na gitaa la rithimu nimelishika tangu ujana wangu, kwa hiyo niruhusu nijibu swali lako la pili.

Nimesikiliza muziki wa namna hii ambao mjukuu wangu alinipigia kwenye simu, na nimeona kwamba wanapotaka kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, wanazipiga noti tatu kwa kasi mno kwenye chaneli moja, mpaka zinakuwa kama mdudu anavuma. Mjukuu akaniambia kwamba ujanja huo ulienea kwenye kompyuta kama Commodore 64, ya mwaka 1982, ambayo chipu yake ya sauti ilikuwa na chaneli 3 tu, hivyo watunzi hawakuwa na namna nyingine. Kwao unafaa, na siulaumu. Kwa dansi utauua wimbo wako, kwa sababu mpiga rithimu wetu hakuwa anaiangusha kodi yote kwa pamoja. Alikuwa anaidonoa uzi kwa uzi, na masikio ya wachezaji ndiyo yaliyoikusanya. Andika noti moja kwa kila mstari, Do kisha Mi kisha Sol kisha urudi Mi, nawe utakuwa na kodi nzima katika chaneli moja bila ujanja wowote.

Jambo la pili ni nafasi. Bendi zile hazikuwa na magitaa mawili yanayosema kwa wakati mmoja. Solo ikitoa sentensi, rithimu hupunguza. Solo ikivuta pumzi, rithimu husogea mbele. Chukua mistari 16 uiandike kwenye karatasi, solo juu, rithimu chini, kisha tazama ni mara ngapi noti mbili zimegongana kwenye mstari mmoja. Zikigongana zaidi ya mara nne au tano, moja kati yake haina kazi, ifute. Ninavyokisia ni kwamba ukifanya hivyo utakuta una nafasi za kutosha hata kuingiza gitaa la tatu ndani ya mapengo ya chaneli hizohizo mbili, kama ambavyo chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, linavyotaka.

Matarumbeta yape chaneli zote mbili yanapoingia. Usiogope kunyamazisha magitaa kwa mapigo mawili, maana hata ukumbini matarumbeta yalipojibu waimbaji hakuna aliyesikia magitaa. Yaachanishe kwa noti mbili kama waimbaji wa sauti ya kwanza na ya pili, halafu uyakate ghafla. Besi na manyanga vitashikilia wimbo usianguke.

Tumba ndilo lililonishinda kulikisia. Chaneli ya kelele nimeisikia, ni manyanga matupu, hata mimi ningeipa kazi hiyo. Lakini tumba linataka mwili.

BintiMwanga (Kigoma), Jumamosi saa 2:40 usiku

Shikamoo mzee MpigaRithimu, na wengine habari za jioni.

Tumba linapatikana kwenye wimbi la pembetatu, palepale inapokaa besi. Unaianza noti juu kisha unaiporomosha kwa fremu 3 au 4, na sikio linasikia ngozi imepigwa. Gharama yake ni kwamba besi haiwezi kuwepo katika fremu hizo, kwa hiyo tumba liwekwe pale besi inapopumzika, au lichukue kichwa cha noti ya besi na kuiachia mkia. Kumbuka pia kwamba pembetatu haina ukubwa wa sauti unaoweza kupangwa; ama ipo ama haipo. Besi ya dansi utaipata kwa kucheza na urefu wa noti, kuikata mapema pale ambapo mpigaji angeuzima uzi kwa kiganja. Na kwa rejista ileile pembetatu hutoka oktavu moja chini ya mraba, hivyo upande wa chini hutapungukiwa.

Sasa kuhusu besi kufifia, kaka Fundi. Chipu ina pini mbili za kutolea sauti. Mawimbi mawili ya mraba hutoka kwenye pini moja, na pembetatu, kelele na chaneli ya vipande hutoka pamoja kwenye nyingine, ambako hazijumlishwi kwa usawa. Chaneli ya vipande ina kihesabu kinachotoka 0 hadi 127, na kadiri kihesabu hicho kinavyokaa juu ndivyo pembetatu na kelele zinavyopungua nguvu. Kipande chako cha ngoma bila shaka kinaishia kihesabu kikiwa juu, na kikiisha hakuna kinachokishusha, hivyo besi inabaki imekandamizwa mpaka ngoma nyingine ije. Andika amri ya Z00 kwenye mstari unaofuata baada ya ngoma kwisha, kihesabu kitarudi 0 na besi itapumua. Ukisikia mlio mdogo wa "tiki" wakati wa kushuka, kitengeneze kipande upya ili kiishie chini chenyewe. Ndivyo ninavyofanya mimi.

Urefu wa kipande kimoja hauzidi baiti 4,081, ambazo kwa kasi ya juu kabisa, karibu hezi 33,000, hazifiki sekunde moja. Na vipande vyote kwa pamoja lazima vikae katika kilobaiti 16 za juu, yaani nusu ya EPROM yako. Kwa kuwa kila hatua ya sauti ni biti 1, inayosema panda au shuka basi, sauti zenye mlio mwembamba huchakaa vibaya. Nilirekodi ngoma nzuri ya kukodi, ikatoka kama gunia linaloburutwa. Nikarekodi dumu la lita 20 lililo tupu, likatoka ngoma.

NzegaNdogo (Tabora), Jumamosi saa 3:25 usiku

Kwa maoni yangu mnajitesa. Game Boy ya mwaka 1989 ina saa yake ya hezi 4,194,304 na picha zipatazo 59.7 kwa sekunde popote duniani, haijui PAL wala NTSC kwa kuwa ina kioo chake. Ina chaneli 4, mraba mbili, kelele moja, na moja ambayo unachora wimbi lako mwenyewe kwa hatua 32, na hutoa sauti kushoto na kulia. Programu ya LSDJ ya Johan Kotlinski hutungia ndani ya Game Boy yenyewe, bila kompyuta. Ama upige tu wimbo kutoka kwenye simu, mzee wa besi hatajua.

FundiIsevya, Jumamosi saa 4:00 usiku

Ndugu yangu wa Nzega, Game Boy sina, na mashine hii ninayo. Kuhusu simu, mzee huyo alitambua kwa sikio kwamba mapigo yamepungua. Sidhani kama nitamdanganya.

Mzee MpigaRithimu, shikamoo. Nimeandika mistari 16 kwenye karatasi kama ulivyoagiza. Noti zimegongana mara 11.

MpigaRithimu, Jumamosi saa 4:08 usiku

Marahaba. Basi wewe uliandika magitaa mawili ya watu wasiosikilizana. Futa.

FundiIsevya, Alhamisi saa 3:10 usiku

Nimerudi na matokeo, wakuu.

Nimerudisha NTSC, nimeweka injini 50, fremu 5 kwa mstari, na nimepitia ala zote 9 kwa mkono nikipunguza mikia. Solo iko 75, rithimu nimeiandikia 25 ili itoke 50, na zote mbili sasa zinatoka nilivyokusudia. Nilihakikisha kwa kupiga kwanza noti moja ndefu kwa kila umbo, nikasikia kwamba la pili na la tatu kweli yamebadilishana. Besi haifi tena. Tiki ilikuwepo, nikakirekodi kipande upya, na naungama kwamba nilitumia dumu.

Rithimu ndiyo iliyochukua siku nyingi zaidi. Nilifuta noti 6 katika kila mistari 16, na wimbo, badala ya kupwaya, ukaanza kukimbia ingawa mapigo ni yaleyale 150. Mwalimu, hili si la kristali, na bado sijui nilielezeje kwa hesabu.

Mzee wa besi alikuja leo jioni. Hakuniuliza habari ya hezi 436. Aliisikiliza mashine kidogo, akalegeza nyuzi zake zote nne mpaka zikakaa nayo, akaniambia nizime pembetatu kwa sababu besi ameshafika. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, ilinibidi nichome EPROM nyingine isiyo na besi wakati yeye anakunywa chai. Tulipiga mara nne. Anachotaka sasa ni kwamba chemko liwe refu maradufu, kwa kuwa anasema nimelikata pale watu wanapoinuka. Tatizo ni kwamba nimebakiwa na kama kilobaiti moja tu, na zile zilizoachwa na besi nilizipa ngoma. Je, niondoe matarumbeta?

MwlFizikia_Ujiji, Alhamisi saa 3:32 usiku

Usiondoe chochote. Kama mizunguko ya chemko inafanana, hulazimiki kuiandika upya. Ongeza mistari kwenye orodha ya mfuatano ili iite mistari ileile mara ya pili, na kila nyongeza itakula baiti chache tu. Ukitaka mzunguko wa pili uwe na tofauti, badilisha chaneli ya solo peke yake, nyingine ziache zirudie.

FundiIsevya, Alhamisi saa 3:50 usiku

Imeingia, na baiti zimebaki. Nachoma sasa hivi.